Isale Halitembei

Mama yangu ana msemo anaoutoa kila anapopita kwenye migomba na panga mkononi: mgomba hutembea, isale halitembei. La kwanza ni kweli na kila mkulima wa huku Meru analijua. Unapanda mgomba, unazaa, unaukata, chipukizi linatokea ubavuni. Ukiacha kila mara chipukizi la upande uleule, baada ya miaka kumi shina limehama hatua kadhaa na limekukaribia mlangoni. La pili nililiamini kuliko mambo mengi niliyofundishwa kanisani. Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwa mstari kati ya shamba na shamba, na kwetu ndio mpaka. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba anayeng'oa isale amefukua kaburi la babu yake, kwa hiyo tulipita katikati yake tumebana magoti, tusije tukavunja hata jani.

Ndiyo maana nilipokuwa darasa la sita, na masale yakaonekana yameingia ndani ya shamba la mama, hakuna aliyeuliza kama yametembea. Waliuliza nani kayatembeza.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia. Nimepanga vyumba Usa River, nimepanga Maji ya Chai, na kule Terrat nilikaa miaka miwili bila hata kumaliza kupaka rangi ukuta. Nimeuza nyanya, nimeuza mitumba, nimepika kantini, nikarudi kwenye mashamba ya maua nilikoanzia. Mama husema mtembezi hula miguu yake. Mimi humjibu kwamba yangu bado ipo yote miwili. Lakini ukweli ni kwamba nikilala kwake siku tatu mfululizo kifua kinabana. Natoka, nazunguka nyumba, naingia, natoka tena. Miguu inanipeleka kwenye mfereji, zizini, barabarani, kokote isipokuwa upande wa mpaka.

Upande wa pili wa mpaka anakaa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Babu ndiye aliyewagawia, na ndiye aliyepanda masale kati yao kwa mkono wake. Baba alipofariki, mama alibaki na sisi watatu na shamba lenye kahawa ambayo bei yake ilikuwa imeshaharibika. Mama hakuchelewa. Aling'oa kahawa yote akapanda mahindi na maharage, shamba likabaki jeupe, jua linalipiga tangu asubuhi. Baba mdogo yeye hakung'oa. Aliipenda kahawa yake, akaiongezea miti ya migrivea ya kuipa kivuli, na migrivea ile ilikua haraka kama watoto wa jirani. Baada ya muda upande wake ukawa na giza na wetu ukawa na mwanga, na masale yakawa yamesimama katikati. Hayo nayaandika leo kwa sababu leo najua kwamba ndiyo yaliyokuwa ya kuangaliwa. Wakati ule tuliangalia watu.

Ilikuwa masika. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani, nikamkuta baba mdogo mpakani. Ameinama, matope mpaka magotini, amelikumbatia isale moja kwa mikono miwili. Pembeni alikuwa na jiwe na mti wenye panda. Aliniuliza habari za shule bila kuliachia. Akasema kwa Kimeru kwamba limeanguka. Nikamwacha pale nikaenda zangu, maana mzigo ulikuwa unanivunja shingo, na jioni nikamwambia mama kama habari tu, kama ambavyo ningemwambia nimeona gari limekwama.

Mama aliacha kupakua chakula. Siku chache kabla alikuwa amepima shamba lake kwa hatua, na hatua zilikuwa zimepungua mbili. Alikuwa mjane wa miaka mitano, na mjane kwetu hata kuku akipotea anajiuliza nani anamjaribu. Asubuhi yake alikwenda kwa wazee wa ukoo, wazee wakalipeleka jambo kwenye ofisi ya kijiji, na wiki iliyofuata niliitwa kuwa shahidi.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, hajui Kimeru hata cha salamu, na muhtasari ulipaswa kuandikwa. Ikasemwa wote wazungumze Kiswahili. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida, watoto wa huku wanagombana kwa Kiswahili tangu wakiwa mgongoni. Lakini wazee wetu wa wakati ule walikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, cha kuuzia ndizi na kuitikia sala, na kikao ni kitu kingine. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha darasani na nilikionea fahari mno. Nilipanga maneno yangu njiani kutoka shuleni. Nilitembea nikiyarudia kama mtu anayetumwa dukani.

Nyumbani kwetu tuna neno moja la kukiinua kitu kilichoanguka na kukiegemeza kisianguke tena. Tunalitumia kwa mgomba uliolemewa na mkungu, na tunalitumia kwa mgonjwa unapomketisha kitandani. Nilitafuta ndugu yake kwa Kiswahili sikumpata. Nikapata lingine, zuri, ambalo mwalimu alikuwa ameliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa insha yangu. Rekebisha.

"Nilimwona baba mdogo anarekebisha mpaka," nikasema.

Mtendaji aliinua kichwa kwenye karatasi zake. Akamgeukia baba mdogo. "Mzee, umesikia mtoto. Ni kweli ulikuwa unarekebisha mpaka?"

"Kweli kabisa," baba mdogo akasema, na akanitazama huku anatabasamu. "Nakubali."

Ofisi nzima ikavuma. Wapo waliosimama, wapo waliopiga makofi ya mshangao, mke wa baba mdogo akaanza kulia. Katikati ya makelele yale mtendaji aliinama karibu yangu, kalamu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yaani ulimwona anausogeza kuja kwenu?"

Kusogeza nililijua. Kila Ijumaa tulikuwa tunasogeza madawati ili tudeki. Nilijua kabisa nilichokiona, mtu ameshika mmea ulioanguka, na nilijua kwamba hicho sicho ninachoulizwa. Lakini mama alikuwa mbele yangu, amevaa gauni lake jeusi, amekaza macho kwangu, na mtu mzima wa ofisini alikuwa ameinama kunisikiliza mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika.

Baba mdogo alipoelewa kinachoendelea alisimama akasema Kimeru mfululizo, mikono inakwenda juu na chini, ananyanyua, anaegemeza. Aliambiwa anyamaze. Muhtasari ulikuwa umeshaandikwa, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali mbele ya watu wote. Masale yakang'olewa yakapandwa upya pale mama alipoonyesha. Mwezi haukuisha baba mdogo akavuliwa uzee wa kanisa, maana mzee wa kanisa anayemnyang'anya mjane ardhi ataombea nini. Naye akarudi kwake, akapanda ua wa michongoma hatua mbili ndani ya shamba lake mwenyewe, akaifunga njia tuliyokuwa tunapitia kwenda kuomba moto, na hakukanyaga tena mpakani.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Neno la kwanza labda, la pili nililitamka nikiwa nimesimama vizuri. Baada ya kikao kile nilianza kutotulia. Nilikuwa nakwenda kwenye mfereji palipoota vifauongo, naligusa jani moja linajikunja, naligusa lingine linajikunja, narudia mpaka kiraka kizima kimesinyaa, kisha nakaa nisubiri kifunguke, nashindwa kusubiri, naondoka. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka kabisa, na nimekuwa nikiondoka tangu hapo. Watu wanadhani natafuta maisha.

Sasa mwaka jana nilifanya kosa kazini. Mimi ni msimamizi katika banda la kufungashia maua, huko Usa River. Tuna maua ya mashuke, yale marefu yenye vikonyo vilivyonyooka, na sheria yake ni moja: hayalazwi. Yanasimama kwenye ndoo, yanasimama kwenye gari, yanasimama mpaka yanafika. Siku hiyo rafu zilikuwa zimejaa, gari limechelewa, na mimi nina haraka zangu ambazo hata sijui zilikuwa za kwenda wapi. Nikasema kwani saa chache zitafanya nini, nikayafungasha nikayalaza kwenye maboksi mchana ule. Gari halikuja hadi kesho yake asubuhi. Tulipofungua maboksi, kila ua lilikuwa limepinda shingo na kuangalia juu. Yote, boksi zima, yamelala kiuno na kuinua kichwa, kama kuku waliofungwa miguu wakipelekwa sokoni.

Nilikasirika kwanza, ndivyo nilivyo, nikawafokea wasichana ambao hawakuhusika. Kisha akaja mtaalamu wetu wa mimea, dada mmoja mpole kuliko kazi yake, akachukua kikonyo kimoja akanionyesha. "Halijapinda kwa kuwa limeumia," akasema. "Linakua. Ukililaza linajua juu ni wapi. Upande wa chini unarefuka kuliko wa juu, basi ncha inasukumwa kuinuka."

"Na likiwa dirishani?"

"Hapo ni mwanga. Upande ulio kivulini ndio unaorefuka zaidi. Shina linainamia kwenye mwanga kwa sababu upande wa giza unakua haraka."

Nikasimama na lile ua mkononi. Nikamuuliza kama isale nalo linafanya hivyo. Hakulijua isale, si mtu wa huku, nikamwelezea majani yake na shina lake. Akacheka akasema dada yangu, yote yanafanya hivyo, kila chenye shina. Nikamuuliza tena, na likiinama mpaka likaanguka? Akasema likigusa udongo wenye unyevu litatoa mizizi hapo lilipogusa, ncha itainuka, na maisha yataendelea. Alinijibu huku anahesabu maboksi ya kutupwa.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Sikuingia ndani, nilipitiliza moja kwa moja mpaka mpakani, ambako nilikuwa sijafika tangu nikiwa na sare za shule. Migrivea ya baba mdogo sasa ni mikubwa, imekwenda juu nyuma ya michongoma na kivuli chake kinaangukia kwetu hadi saa nne. Masale yalikuwa yamesimama, mengi, mazuri, na yamesimama ndani kabisa ya maharage ya mama. Hapakuwa na mtu aliyeyagusa. Baba mdogo asingeweza hata kama angetaka, michongoma ile hata mbuzi hapenyi.

Nikapiga magoti, nikaanza kufukua majani makavu. Chini yake nililikuta shina la zamani, nene kama mkono, limelala juu ya ardhi. Lilianzia kule karibu na michongoma, mahali lilipopandwa baada ya kikao. Likalala, likaja kwetu urefu wa hatua moja na nusu, na mwishoni likaota mizizi, likapinda goti, likasimama. Nikafukua la pili. Goti. La tatu lilikuwa na magoti mawili, limeanguka na kusimama, likaanguka tena likasimama tena. Yote yalikuwa yameukimbia ule upande wa giza, pole pole, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeyaona kwa sababu sisi wote tulijua kwamba isale halitembei.

"Unatafuta nini humo kwenye maharage yangu?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu. Nilimwonyesha. Nilimwonyesha shina moja baada ya jingine, nikamweleza habari za maua, maneno yananitoka ovyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nadhani ameanza tena."

"Nani?"

"Huyo. Hatua zimepungua tena. Nilikuwa nangoja wapimaji waje niwaambie."

Hapo ndipo nilipojua habari ya wapimaji. Mashamba yote ya kitongoji chetu yalikuwa yanapimwa ili watu wapate hati, na Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Kila mpaka utawekewa bikoni za zege, na majirani wa pande zote mbili lazima wasimame pale waseme ndiyo, ni hapa. Mama na baba mdogo walikuwa hawajasimama mahali pamoja tangu siku ya kikao. Mama alikuwa amejiandaa kumwita mwizi mbele ya watu kwa mara ya pili, na zege likikauka limekauka.

"Mama, hakuusogeza," nikasema. "Hata ile mara ya kwanza. Alikuwa anaurudisha kwake. Isale lilikuwa limeangukia kwetu, na yeye alikuwa anatutolea shambani mwetu."

"Wewe ndiye uliyesema umemwona."

"Nilisema uongo."

Aliweka kikapu chini. Nilitegemea anifokee, tumerithiana hasira, ningejua la kufanya. Akakaa kwenye ukingo wa tuta kama mtu aliyeishiwa pumzi. "Mke wake alipokufa sikwenda msibani," akasema. "Nilisikia wanaimba, nikafunga dirisha. Nilisema mwanangu hawezi kusema uongo, nimemlea mwenyewe." Akachukua kikapu chake. "Nenda kwake. Mimi usinitume, nina aibu yangu ya kutosha."

Kwetu mtu aliyekosa hapeleki maneno matupu. Anakata jani la isale, analifunga fundo, analishika mkononi anakwenda nalo. Anayepelekewa anaweza kukasirika, anaweza kukaa kimya, lakini isale halirudishwi. Ukilipokea umeshasamehe, hata kama moyo utafuata nyuma kwa miguu. Nililikata palepale mpakani, kwenye lile lenye magoti mawili.

Nyumba ya baba mdogo iko hatua kama arobaini kutoka kwa mama. Kwa kuwa njia ilifungwa, unazunguka na barabara, unashuka mpaka kwenye daraja la mfereji, unapanda tena. Nilifika darajani nikarudi. Nikafika tena nikarudi. Mama mmoja aliyekuwa anafua pale akaniuliza kama nimepoteza kitu. Jumapili nilijaribu baada ya ibada, nikaishia kununua mkate nisiouhitaji. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, na Jumanne jani likaanza kunyauka, nikakata lingine, nikajisemea wewe mwanamke, utamaliza mpaka wote kwa kukata majani.

Safari hiyo nilivuka daraja, nikamkuta baba mdogo uani, anaelekeza pasheni kwenye waya. Amezeeka, mgongo umeshuka, lakini mikono ni ileile. Alikuwa anachukua kikono cha pasheni, kile kiuzi kinachojisokota, anakigusisha kwenye waya, anakiachia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama, akalitazama jani. "Umelikata wapi hilo?"

"Mpakani."

"Kwa hiyo umeukata mpaka," akasema, na akacheka peke yake. Akanyoosha mkono akalipokea. Alilipokea haraka, kabla sijasema lolote, kama mtu anayempokea mtoto mzigo. "Lakini hili la nini? Wewe hukunikosea."

Nikafungua mdomo kueleza, akanitangulia.

"Siku ile wewe ulisema kweli," akaendelea, na macho yake yalikuwa yamerudi kwenye pasheni. "Nilikuwa narekebisha. Nilisema nakubali kwa sababu nilifurahi. Watu wote wamenigeuka, nikasema, lakini mtoto wa kaka yangu ananitetea, tena kwa Kiswahili kizuri. Yule mtendaji ndiye aliyelipindisha neno. Hata marehemu mama yako mdogo nilikuwa namwambia, watu wote uwaseme, yule mtoto usimseme."

Ningeweza kuishia pale. Isale lilikuwa mkononi mwake, msamaha nilikuwa nao tayari, tena kwa kosa ambalo hakulijua. Nilitamani sana kuishia pale. Miguu yangu, ile ambayo mama anasema naila, ilikuwa imeshaanza kugeuka.

"Baada ya neno lile aliniuliza lingine," nikasema. "Makelele yalikuwa mengi, hukusikia. Aliniuliza kama ulikuwa unausogeza kuja kwetu. Nikasema ndiyo."

Mkono wake ulisimama kwenye waya.

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa ananitazama."

"Hata mimi nilikuwa nakutazama," akasema.

Akageuka akaingia ndani na lile jani, akaniacha uani. Nilitaka kukimbia na sikukimbia. Niliangalia kile kikono cha pasheni alichokuwa amekigusisha kwenye waya. Nilipofika kilikuwa kimenyooka, na sasa kilikuwa kimeanza kujikunja, kidogo sana, ncha yake imezunguka nusu. Nilikikodolea macho mpaka yakaniuma. Sijawahi kusimama mahali pamoja muda mrefu namna ile, na kila dakika ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Alipotoka, jani hakuwa nalo. Amelichomeka juu ya mlango, nililiona baadaye. "Alhamisi nitakuja mpakani," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Na wewe uwepo. Ulisema mbele za watu, utasema mbele za watu. Lakini mara hii useme Kimeru."

Alhamisi niliamshwa na mlio wa panga. Nilitoka mbio, nikamkuta mama yuko mpakani, mikono imechanika kwa miiba mpaka kwenye viwiko, anakata michongoma. Alikuwa ameshatoboa tundu la kupita mtu aliyeinama. Upande wa pili baba mdogo alikuwa amesimama na fimbo yake, anamtazama.

"Hiyo ni michongoma yangu, shemeji," baba mdogo akasema.

Kwa miaka yote ile mama alikuwa anamwita yule wa ng'ambo. "Najua, shemeji," akajibu bila kuacha kukata. "Sogea miiba isikurukie."

Wapimaji walikuja saa tatu, vijana wawili wenye chombo kwenye miguu mitatu, mmoja ana lafudhi ya pwani na viatu vya kumkera mtu yeyote anayejua matope ya huku. Wazee wa kitongoji walikuwapo, na baadhi yao walikuwapo pia siku ya kikao. Kijana akauliza mpaka uko wapi. Wote wakaangalia masale, nami nikaingia katikati ya mstari, nikafukua majani, nikawaonyesha mashina yaliyolala na magoti yake, na mahali yalipoanzia. Kisha nikanyooka nikasema. Nilisema Kimeru. Nililitumia lile neno letu la kuinua na kuegemeza, na nikalisema mara mbili. Nikasema nilichokiona nikiwa na mzigo wa majani kichwani, nikasema nilichoulizwa kwa sauti ya chini, na nikasema nilichojibu. Mzee mmoja alivua kofia. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga yake, damu ya miiba inamtoka mkononi. Sauti yangu ilikatika katikati, nikaiokota nikaendelea mpaka mwisho.

Yule kijana mwenye lafudhi ya pwani alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kalamu juu ya fomu yake, hajaelewa hata neno moja. Akamwinamia baba mdogo.

"Samahani mzee, huyu dada anasema nini?"

Baba mdogo alikuwa ananitazama mimi.

"Anarekebisha mpaka," akasema.